Diski Haijui Mheshimiwa

Ambindwile alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna zahanati ya Rungwe iliyokuwa na dawa yake: hakuweza kumtangulia mtu. Mlangoni alijibana pembeni ili wengine wapite. Kwenye shughuli alinawa mikono wa mwisho, akifika kwenye sinia anakuta nyama zimekwenda na wenye mbio, anasema yeye anapenda mchuzi. Kwenye mizani ya majani ya chai alimpisha kila aliyekuja na kikapu na kisingizio, mpaka majani yake mwenyewe yakaanza kunyauka. Watu wa Lufingo walimsifu sana kwa tabia hiyo. "Mwalimu ana adabu," walisema, huku wakimpita.

Walimwita mwalimu kwa sababu alifundisha kwaya ya kanisa. Chaki hakuwahi kuishika. Riziki yake ilikuwa migomba, na kipande cha chai kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukiangusha jembe unalifuata kwa jirani.

Mkewe, Atupele, hakuwa na ugonjwa huo hata kidogo. Alikuwa mwimbaji wa mbele wa kwaya, na akiingia mahali, ameingia. "Wewe mume wangu," alimwambia siku moja wakitoka kanisani, "siku ya kiama utawapisha watu mpaka mlango wa mbinguni ufungwe. Mimi nitakuchungulia dirishani." Ambindwile alicheka mpaka akakohoa. Alipenda kutaniwa na mke wake kuliko alivyopenda kusifiwa na kijiji kizima.

Mwaka huo uchaguzi ulikuwa unakaribia, na kila kwaya ilitaka kuwa na CD yake. Soko huria lilikuwa limetupandishia mlimani kila kitu: mitumba, redio za FM, simu za mkononi, wanunuzi wa ndizi wenye malori na maneno mengi. Lilikuwa limetuletea na Fred. Fred alikuwa mtu wa Bagamoyo, namaanisha Bagamoyo yetu ya hapa mjini Tukuyu, na alikuwa na chumba kilichogawanywa kwa mbao: upande huu fotokopi na kuchapa barua, upande ule studio, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Kazi zote zilifanywa na kompyuta moja. Sanduku lake, lile wanaloliita sipiyu, lilifunikwa kitambaa cha kufuma kilichoandikwa Karibu Mgeni, kazi ya mkono ya mke wa Fred, eti vumbi lisiingie. Na upepo nao haukuingia. Mashine ilihema chini ya kitambaa kile kama mgonjwa wa homa aliyefunikwa mablanketi, na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu kila kitu cha thamani katika nyumba zetu hufunikwa kitambaa.

Kwaya ya Lufingo ilirekodi wimbo mmoja tu pale, "Ndaga Tata", yaani asante Baba. Ambindwile aliutunga na Atupele aliuongoza. Alipomaliza ubeti wa mwisho, Fred alivua vile vya masikioni akabaki amekaa, kisha akasema, "Mama, huu sirudii. Nikirudia nitauharibu." Nyimbo nyingine zingerekodiwa baada ya msimu wa chai. Ambindwile aliomba nakala ya huo mmoja aende nayo nyumbani, Fred akamwambia asubiri albamu ikamilike, wimbo mbichi hautoki studio. Ambindwile akasubiri. Kusubiri alikuwa hodari.

Msimu wa chai haukwisha. Atupele aliamka na homa, akasema ni uchovu, na kabla wiki haijageuka walikuwa wanamchimbia kaburi nyuma ya migomba. Kwaya ilijaribu kuimba "Ndaga Tata" msibani ikashindwa. Hapakuwa na wa kuanzisha.

Mama yake Atupele, bibi Debora wa Kyimo, hakuwahi kuusikia wimbo ule. Mwaka ule wote alikuwa kitandani na mguu wake uliovimba, na macho yake nayo yalikuwa yameingia ukungu. Matanga yalipoanuliwa alimwita mkwe wake uani. Mama mkwe na mkwe kwetu hawazoeani. Wanazungumza kwa heshima na kwa umbali. Lakini siku hiyo bibi alimsogelea.

"Tata," alisema, "nimesikia mwanangu yumo kwenye mashine ya mjini."

"Yumo, mama."

"Basi siku ya kujengea kabuli, mnifungulie nimsikie. Sina kingine nitakachokuomba."

"Utamsikia, mama. Nakuahidi."

Kwetu mwaka ukipita kaburi hujengewa kwa saruji, ndugu wakakusanyika tena, na hapo ndipo mtu anakuwa amezikwa kabisa. Ambindwile aliihesabu ahadi ile kuwa nyepesi. Wimbo upo, mashine ipo, Fred yupo. Mwanamume angekosaje?

Zilikuwa zimebaki wiki chache Fred alipompigia simu mwenye duka la njia panda, akamtuma amwambie mwalimu ashuke mjini upesi. Ambindwile alimkuta Fred amelivua sanduku lile kitambaa chake, amelifungua ubavu, matumbo yote nje.

"Sikiliza," Fred alisema.

Ndani mlikuwa na kitu kinagonga. Kikagonga, kikanyamaza, kikagonga tena, kama mtu aliyefungiwa nje anayebisha bila matumaini.

"Hiyo ni hadi diski, mwalimu. Ndiyo inayotunza kila kitu. Imechoka, joto limeimaliza. Nimeagiza mpya Mbeya, inafika kesho kutwa. Nitazifunga mbili sambamba, nikopi vitu kutoka ya zamani kwenda mpya. Lakini njoo mapema. Hii ikishaanza kugonga hivi, ni kama mzee wa kuongezewa maji. Inaweza kutupa saa nzima, inaweza kutupa nusu. Ikipata moto inagoma, na ikigoma moja kwa moja ndiyo basi."

"Na wimbo?"

"Umo. Ni mmoja tu, mdogo. Tukianza nao, hata chai haijapoa utakuwa tayari. Video ndizo zinazokula muda."

Siku ya miadi Ambindwile aliondoka Lufingo ukungu bado umelalia migomba. Alifika kabla Fred hajafungua mlango, akasimama kibarazani akijikunyata kwa baridi. Fred aliifurahia baridi ile. Alikuwa ameilaza diski dirishani ili ipoe, na akaifunga kwenye mashine kwa uangalifu wa mtu anayembeba mtoto aliyelala: skrubu, waya wa umeme, ule waya bapa mpana unaounganisha. Ile mpya ilikaa pembeni inang'aa. Akawasha. Ya zamani ikagonga kidogo, ikatulia, ikazunguka. Majina ya mafaili yakajipanga kwenye kioo, na kati yao Ambindwile akauona wimbo wake: NDAGA TATA.

"Imeamka," Fred alinong'ona, kama vile diski ingemsikia ikabadili mawazo. "Mwalimu, tuanze na wako?"

Ambindwile alifungua kinywa. Alikuwa anasema ndiyo. Naapa alikuwa anasema ndiyo. Hapo mlango ukasukumwa akaingia Dickson, katibu wa Mheshimiwa Ackson, viatu vinalia, mkononi simu mbili.

Mheshimiwa Ackson alikuwa mfanyabiashara wa mbao aliyetaka kura zetu. Jina la mheshimiwa alijipa kabla hajalipata, na sisi tukamsaidia kulizoea. Mwaka uliotangulia alizindua bomba la maji kule Kyimo kwa shangwe na vipaza sauti, na video ya uzinduzi ilikuwa humo humo kwenye diski ya Fred.

"Mugonile, wazee wangu," Dickson alisema. "Mheshimiwa anawasalimu sana. Nimesikia mashine inaumwa. Ya kwake ndiyo ianze, mkutano wa kampeni ni keshokutwa, inatakiwa ionyeshwe."

"Nilikuwa naanza na wa mwalimu," Fred alisema. "Ni mdogo sana, dakika chache tu."

Dickson hakubisha. Hakutisha mtu, hakutaja cheo cha mtu. Alimtazama tu Ambindwile, akatabasamu, akasubiri, kwa sababu alimjua. Wote tulimjua.

"Waanze wageni," Ambindwile alisema.

"Mwalimu!" Fred alimgeukia. "Diski hii haijui mheshimiwa. Ikitaka kufa inakufa."

"Kazi ya watu wengi hiyo, Fred. Mimi wangu ni mmoja tu. Nitangoja."

Fred akatikisa kichwa, akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kujaa kwenye kioo polepole, kama maji ya bomba lile lile la Mheshimiwa. Ambindwile akakaa kwenye benchi, kofia magotini. Alijisikia vizuri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alijisikia mtu mwema.

Mstari ulipokaribia kujaa, akaingia mchungaji Godwin, amelowa manyunyu. Jubilei yake ya utumishi ilikuwa humo pia. Mchungaji alikuwa mtu mpole, hakuomba lolote; alivua koti, akauliza hali, akamwambia Ambindwile pole tena kwa msiba. Angejua kilichokuwa hatarini angeketi chini kama mtu mwingine yeyote. Lakini hakujua, na Ambindwile hakumwambia. Fred alipouliza, "Sasa?", sauti yake ina wasiwasi, Ambindwile alikuwa tayari amesimama.

"Mchungaji kwanza. Mimi nitamtanguliaje mchungaji?"

"Mwalimu, imeanza kupata joto. Iguse."

Hakuigusa. Alisema tu, "Mchungaji kwanza," na mchungaji akasema, "Asante, mwalimu, Mungu akubariki." Na hiyo baraka, kama ilifika, ilifika kwa njia ndefu.

Jubilei ilikuwa na hotuba nyingi na zawadi nyingi. Mstari ulijaa nusu, ukasimama, diski ikagonga, ikaendelea. Fred alifungua dirisha, akachukua jalada akalipepea sanduku kama mtu anayepuliza moto, ingawa alichotaka ni kinyume chake. Mstari ukajaa. Mchungaji akashukuru, akaenda. Dickson alikuwa ameshaondoka zamani.

"Haya, mwalimu," Fred alisema, na jasho lilikuwa limemtoka katika baridi ile. Akaushika wimbo, akauvuta kwenda kwenye diski mpya.

Mstari wa kijani ulitokea. Ukawa mdogo kama ukucha. Diski ikagonga, ikagonga, ikatoa mkwaruzo kama wa kisu kwenye sufuria, halafu ikanyamaza. Haikunyamaza kwa kupumzika. Ilinyamaza kabisa.

Fred alizima, akawasha. Akaitoa, akairudisha dirishani ipoe, wakangoja, akaifunga tena. Kompyuta haikuiona. Kwenye kioo ilikuwepo diski moja tu, ile mpya, na ndani yake Mheshimiwa na mchungaji.

"Nimekwambia, mwalimu," Fred alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Nimekwambia mara ngapi?"

Ambindwile alijibu neno ambalo mpaka leo likinijia nataka kumshika mabegani nimtikise. Alisema, "Pole kwa usumbufu, Fred."

Diski ilipelekwa Mbeya kwa fundi aliyesifika. Akaifungua, akaonyesha sahani yake ya kung'aa: mkwaruzo umeizunguka mduara mzima kama reli. Akasema hapo hakuna tena kitu, ni chuma. Fred aliirudisha Tukuyu ndani ya mfuko wa plastiki akampa mwalimu, kwa sababu hakujua amfanyie nini kingine. Ambindwile aliiweka kabatini, juu ya nguo za Atupele.

Kwenda Kyimo kumwambia mama mkwe kulimchukua siku nyingi. Kila asubuhi alipata kazi nyingine: palizi, paa linavuja, mazoezi ya kwaya. Hatimaye akajikaza akaenda, akakaa mbali na bibi kama adabu inavyotaka, akasema yote. Hakujificha nyuma ya Dickson wala ya mchungaji. Hilo nampa.

Debora alisikiliza ameinamisha kichwa. Mkwe wake alipomaliza, bibi akauliza, "Walikushika mdomo?"

"Hapana, mama."

"Walikusukuma?"

"Hapana."

"Basi kwa nini hukusema, 'Huyu ni mke wangu, ninamchukua'?"

Ambindwile alikuwa na majibu ya maswali yote ya adabu, na hilo halikuwa mojawapo. Bibi akageuza uso wake wenye ukungu upande wa ukuta. "Mwe," alisema taratibu, akiwaambia labda watu wasiokuwepo. "Mwanangu amekufa mala mbili."

Kaburi lilijengewa bila wimbo. Ndugu walikula, wakasifu saruji, wakaenda zao.

Uchaguzi ulipita. Mheshimiwa Ackson aliangushwa vibaya hata Kyimo, watu walikunywa maji yake wakampa kura mwingine, na yeye akarudi kwenye mbao zake na jina lake la zamani. CD ya uzinduzi wa bomba haikuonyeshwa kwenye mkutano wowote. Siku ile mvua ilinyesha wakashindwa kuwasha mitambo. Ilibaki kwenye rafu ya Fred. Ya mchungaji ilikaa pembeni yake. Mchungaji alihamishiwa usharika mwingine, akasema ataifuata akipata nafasi. Hakuipata.

Siku moja Fred, akipangua rafu, alikumbuka kwamba kwaya ya Lufingo ilialikwa kwenye uzinduzi ule. Hakuitazama CD. Alifunga duka mchana kweupe, akapanda mpaka Lufingo mwenyewe.

"Mwalimu, kwaya yenu imo kwenye video ya Mheshimiwa! Atupele si alikuwepo?"

Ambindwile alisimama na panga lake kati ya migomba. "Alikuwepo," alisema. "Tuliimba." Alikumbuka kwamba waliimba, jua lilikuwa kali, na watu walikuwa wengi. Zaidi ya hapo hakukumbuka.

Safari hii hakutaka kusikia kwanza peke yake. Alikwenda kumchukua Debora, akamkodia gari ndogo kwa ajili ya mguu, akamketisha kwenye kiti cha Fred chenyewe, karibu kabisa na kioo, ili kile macho yake yatakachoweza kukipata yakipate. Fred akaweka CD. Umati wa Kyimo ukatokea, vitambaa vya rangi, bomba limefungwa utepe. Na kwaya, wamevaa sare zao za buluu.

"Yule pale, mama," Ambindwile alisema. "Yule anayesogea mbele."

Atupele alisogea mbele ya wenzake kwa mwendo wake ule wa mtu aliyefika. Akainua kidevu. Kinanda kikapiga, na sauti yake ikatoka, ikajaa chumba kile kidogo chenye trei za mayai.

"Ndaga..."

"Ndaga, mwanangu," Debora alijibu palepale, kama anavyojibu mtu aliyesalimiwa mlangoni.

Hapo vumbi likatimka nyuma ya umati. Gari la Mheshimiwa lilikuwa linafika. Kamera ikayumba, ikataka kulifuata, lakini kabla haijageuka ilimnasa mtu aliyesimama mbele ya kwaya, mgongo huku, koti la kijivu. Aliliona gari. Upesi, kwa adabu kubwa, akainua mkono juu akaikatiza kwaya. Kinanda kikanyamaza. Atupele akafunga kinywa, akamtazama mtu yule, akatabasamu kidogo lile tabasamu lake la utani, akarudi nyuma kwenye mstari. Kamera ikageukia gari. Mshereheshaji akapaza sauti, "Tumpishe mgeni rasmi!", na kuanzia hapo zikawa hotuba tu mpaka mwisho. Fred alipeleka mbele, akarudisha, akatafuta. Walipoimba tena, mpiga picha alikuwa anachukua watu wakila.

"Ludisha pale," Debora alisema.

Fred akarudisha. Ndaga. Mkono. Kimya.

"Ludisha."

Ndaga. Mkono. Kimya.

Bibi alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Huyu aliyemkatiza," aliuliza, "huyu mwenye mkono. Ni mtu wa Mheshimiwa?"

Fred akainamia vidole vyake. Ambindwile alitazama huku na huku, kwa mazoea, akitafuta wa kumpisha ajibu kwanza. Hapakuwa na mtu.

"Ni mimi, mama," alisema.

Debora hakumgeukia. Hakulia, hakumlaani, ingekuwa afadhali. Alinyoosha kidole akamgusa Fred begani.

"Ludisha, mwanangu," alisema. "Mkono ukianza kupanda, simamisha."

Fred akafanya hivyo, mara moja, na tena, na tena. Ndaga. Ndaga. Nje, wateja wa fotokopi walianza kujazana kibarazani na karatasi zao, wakabisha, mmoja akasema ana haraka, ametumwa na mkubwa wake. Ambindwile alikuwa amesimama mlangoni, ameshika miimo kwa mikono yote miwili, mgongo kwao. Walimwomba njia kwa jina lake, kwa heshima zote, na hakumpisha mtu.